Kupaka p16 kwenye vinyama vya kinywa: mwongozo kamili, toka chupa ya fomalini hadi ripoti

Slaidi nyingi ninazoletewa na swali la "hii ni chanya au hasi?" zina kosa lilelile, na kosa lenyewe haliko kwenye kingamwili, ile protini ya maabara inayoishika p16 ili ionekane. Liko nyuma zaidi: kwenye chupa iliyobeba kinyama (kipande cha tishu kilichokatwa kwa uchunguzi), kwenye sufuria iliyochemshia slaidi, au kwenye jicho la msomaji aliyekimbilia rangi ya kahawia ya p16 kabla hajatazama H&E, ile slaidi ya rangi za kawaida za hematoksilini na eosini. Kingamwili hulaumiwa kwa sababu ndiyo yenye bei kubwa.

Mwongozo huu ni wa anayepaka rangi kwa mkono, bila mashine, katika maabara ya Arusha au Moshi. Unahusu p16 kwenye kinyama cha kinywa chenye displasia, yaani mabadiliko ya seli ambayo bado si saratani lakini yanaelekea huko, pale daktari anapotaka kujua kama kirusi cha HPV kina mkono.

Shika jambo moja kabla ya kuvaa glavu. p16 ni protini ya mwili wetu wenyewe, si ya kirusi. HPV aina hatari, hasa HPV16, hutengeneza protini iitwayo E7, nayo huivuruga Rb, ambayo ni breki ya seli. Breki ikishakatika, seli humwaga p16 kwa wingi ikijaribu kujizuia bila mafanikio. Hiyo p16 ndiyo tunayoipaka rangi. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini sote tuliokaa Moshi tunajua mawingu yanavyoweza kuufunika Mlima kutwa nzima na tone lisidondoke.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

Usianze huku unatafuta. Ukiachia slaidi katikati ya kazi ili ukaazime bafa chumba cha pili, itakauka, na slaidi iliyokauka haifufuki.

- Fomalini ya asilimia 10 yenye bafa. Kwa lita moja: mililita 100 za fomalini kali, mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti.
- Slaidi zenye chaji, zile zinazoshika tishu zenyewe. Za kawaida hazitakusaidia.
- Zailini, ethanoli ya asilimia 100, 95 na 70.
- Bafa ya kuchemshia, Tris-EDTA ya pH 9. Kwa lita moja: gramu 1.21 za Tris, gramu 0.37 za EDTA na mililita 0.5 za Tween 20. Pima pH kwa mita, si kwa kubahatisha.
- Bafa ya kusuuzia, TBS ya pH 7.6 yenye Tween kidogo.
- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.
- Kingamwili ya p16. Kloni ya E6H4 ndiyo iliyozoeleka na kupimwa zaidi.
- Seti ya polima ya HRP (kimeng'enya cha peroksidesi kinachonasa kwenye kingamwili) pamoja na DAB yake, rangi ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kahawia, kutoka kwa mtengenezaji mmoja.
- Hematoksilini ya Mayer, gundi ya slaidi, vioo vya kufunikia.
- Presha kuka ya chuma kisichoshika kutu, jiko la gesi, kipimajoto kinachofika digrii 110, na kisanduku cha unyevu. Kontena la chakula lenye mfuniko, ukiweka karatasi zilizolowa chini, linafanya kazi ya kisanduku vizuri kabisa.
- Bloku ya kontroli, yaani tishu iliyozikwa kwenye nta ambayo jibu lake la p16 unalijua tayari. Hapa kwetu haikosekani: saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, hivyo kabati la maabara yoyote ya patholojia lina bloku ya displasia kali ya mlango wa kizazi. Ongeza na tonsili, nitaeleza kwa nini.

Fomalini na DAB zote mbili ni za kuogopwa kwa saratani. Glavu, dirisha wazi, na mabaki ya DAB yaende kwenye chupa yake ya taka, si kwenye sinki.

## Hatua ya 1: Kinyama na chupa yake

Kazi yako inaanzia kwa aliyekata. Mpigie simu.

Siku moja nililetewa kinyama cha ulimi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi yenye shingo nyembamba. Kiliingia kikiwa laini, kikagoma kutoka kikiwa kigumu, ikabidi chupa ivunjwe. Ndani hamkuwa na fomalini bali spiriti. H&E ilitoka imesinyaa, na p16 ilishika huku ikiruka kule bila mpangilio wowote. Mgonjwa akarudi kukatwa tena, safari ya kutwa nzima kwenye basi, kwa sababu ya chupa.

Unachotakiwa kumwambia daktari wa meno ni haya. Chupa yenye mdomo mpana. Fomalini yenye bafa, angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kikae humo saa 6 hadi 72. Saa 24 ndizo tamu kwa vipande vidogo vya kinywani. Muda wa kukata uandikwe kwenye fomu, maana kinyama kilichokatwa Ijumaa Karatu na kufika kwako Jumanne kimeshavuka hizo 72. Kikivuka usikitupe, kipake, ila andika pembeni kwamba jibu hasi la hapo lina walakini.

Muombe pia asitumie kisu cha umeme kwenye ukingo wa kinyama. Seli zilizoungua hunywa DAB kama sifongo, na utazisoma kuwa chanya.

Fomalini isiyo na bafa huwa na asidi, na asidi ikikutana na damu huacha punje za kahawia-nyeusi kila mahali. Mgeni huziona akadhani rangi imekubali.

Ukifanikiwa: kinyama kigumu kiasi, cha rangi moja toka nje hadi katikati ukikikata. Katikati pakiwa pekundu, kirudishe kwenye fomalini.

## Hatua ya 2: H&E kwanza, halafu uamue kama p16 inahitajika

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. p16 si kipimo cha kila doa jeupe la mdomoni. Displasia nyingi za kinywa hazitokani na HPV. Zinatokana na sigara, ugoro na pombe. Na kinundu chenye vidole vidole kama koliflawa mara nyingi ni papiloma ya HPV6 au HPV11, aina zisizo hatari, ambako p16 haitakupa cha maana.

Paka p16 pale H&E inapokuonyesha sura ya kutia shaka. Sura hiyo ina vitu vyake:

Epitheliamu yote, yaani ngozi laini ya ndani ya kinywa, toka chini hadi juu, imejaa seli ndogo nyeusi zinazofanana na za tabaka la chini. Katikati yake kuna seli nyingi zinazojiua: viini vimepasuka vipande vipande, vingine vinafanana na seli inayogawanyika lakini ukikaza macho havina mpangilio. Seli zinazogawanyika kweli nazo zinaonekana hadi karibu na juu. Na mpaka kati ya eneo bovu na zima ni mkali, kama shamba la mahindi linapokutana na barabara.

Mara nyingi kinyama kama hicho kinatoka pembeni au chini ya ulimi, au sakafu ya kinywa, na mgonjwa mara nyingi ni mwanaume. Hutokea pia kwa wanaoishi na VVU. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiingiza rasmi displasia hii kwenye toleo la tano la uainishaji wake wa uvimbe wa kichwa na shingo, ikiwa aina inayojitegemea.

Onyo: daraja la displasia linatoka kwenye H&E. p16 haipandishi wala haishushi daraja.

## Hatua ya 3: Kukata na kukausha

Kata unene wa maikroni 3 hadi 4. Ukizidisha, tabaka mbili za seli zitalaliana na kila kitu kitaonekana cheusi.

Kata kipande cha kontroli na uweke kwenye slaidi ileile ya mgonjwa, upande wa lebo. Kontroli iliyo kwenye slaidi yake pekee inakuambia kwamba slaidi ile ilipikwa vizuri, basi. Ya mgonjwa inaweza kuwa ilikosa tone la kingamwili ukapitiwa, usijue.

Lebo kwa kalamu ya risasi. Wino utaondoka na zailini, nawe utabaki na slaidi sita zisizo na mwenyewe.

Kausha kwenye oveni digrii 60 kwa saa moja. Tumia slaidi mapema. Zilizokatwa na kukaa wazi miezi hupoteza nguvu ya p16.

Kinywa kina shida yake ya mkao. Kinyama kikizikwa kwenye nta kikiwa kimelala upande, utakata epitheliamu kwa mshazari na tabaka la chini litaonekana nene kama ugali. Huwezi kusoma p16 hapo. Kizike upya.

## Hatua ya 4: Kuondoa nta

Zailini mara mbili, dakika 5 kila moja. Ethanoli 100 mara mbili, kisha 95, kisha 70, dakika 2 au 3 kila moja. Maji yaliyotoneshwa. Nta ikibaki, utaona visiwa visivyoshika rangi kabisa. Zailini ikianza kuwa na ukungu ibadilishe. Kubana matumizi hapa kunakula kingamwili.

Toka sasa slaidi isikauke tena hadi mwisho.

## Hatua ya 5: Kuchemsha, na kwa nini Arusha si Dar

Fomalini hufunga protini kwa minyororo. Joto pamoja na bafa ya pH 9 huifungua, kingamwili ipate pa kushika. Bila hatua hii p16 haionekani, hata ukimwaga chupa nzima.

Maelezo ya kwenye boksi yanasema digrii 95 hadi 97 kwa dakika 20. Yameandikwa na watu wa usawa wa bahari. Maji hupoteza karibu digrii moja ya kuchemka kwa kila mita 300 unazopanda. Moshi mjini, mita 800 na kitu, maji yanachemka kwenye digrii 97. Arusha, karibu mita 1,400, yanachemka kwenye 95. Weka bafu la maji la Arusha kwenye 97 na litakuwa linatokota muda wote: bafa inapungua, viputo vinagonga tishu, na kinyama kidogo cha ulimi kinaachia slaidi na kuelea juu kama utando wa maziwa. Wengi walioniambia "slaidi zenu za chaji ni feki" walikuwa na tatizo hili.

Kuna njia mbili.

Ya kwanza, bafu la maji. Arusha liweke digrii 92 au 93, chini kidogo ya kutokota, na uongeze muda hadi dakika 30 au 40. Muda kamili utauamua kwa kontroli: paka slaidi tatu za kontroli kwa dakika 20, 30 na 40 siku moja, uchague inayong'aa bila kuchanika. Ifanye mara moja, uandike ukutani.

Ya pili, presha kuka, ndiyo ninayoitumia. Presha ikipanda, joto linavuka 100 hata uwe Monduli juu. Hata umeme ukikatika, na utakatika, gesi inaendelea kuwaka.

Yangu niliipata Kiboriloni, ya mtumba, ikabidi ninunue mpira mpya wa mfuniko. Chagua ya chuma kisichoshika kutu, maana alumini na bafa ya alkali haviivani. Kazi inakwenda hivi:

Mimina bafa ya kutosha kuzamisha slaidi na ziada ya vidole viwili. Washa gesi, acha bafa ichemke kwanza, mfuniko ukiwa wazi. Ikishachemka ndipo uzamishe raki ya slaidi, polepole. Funga. Subiri sauti ibadilike: mwanzoni ni mlio wa kupumua, kisha valvu inaanza kupiga filimbi mfululizo. Anza kuhesabu hapo, si kabla. Dakika 3. Zima, toa kwenye jiko, mwagia maji baridi juu ya mfuniko hadi presha iishe yenyewe. Usiulazimishe mfuniko, mvuke wa bafa unaunguza kama wa maharage.

Fungua, na usizitoe slaidi bado. Ongeza maji yaliyotoneshwa polepole mpaka bafa iwe vuguvugu, kama dakika 15 hadi 20. Slaidi ya moto ikikutana na hewa hukauka ndani ya sekunde chache.

Maji ya bomba usiyatumie kutengenezea bafa. Maji mengi ya chini ya Mlima Meru yana madini na alkali, pH itayumba bila wewe kujua.

Ukifanikiwa: tishu bado iko palepale, imelala sawa, haina mikunjo.

## Hatua ya 6: Kuzima peroksidesi, kisha kingamwili

Zungushia tishu kwa kalamu ya kuzuia maji. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dakika 10. Chembe nyekundu za damu na chembe nyeupe zina peroksidesi yao. Usipoizima zitageuka kahawia, na vidonda vya mdomoni vimejaa damu. Suuza na TBS mara mbili.

Kingamwili: maikrolita 100 hadi 200, ifunike tishu yote pamoja na kontroli. Kama ni ya kuchanganya mwenyewe, jaribu 1:50, 1:100 na 1:200 kwenye kontroli, uchukue nyembamba kuliko zote inayoshika vizuri bila kutapakaa.

Dakika 30 hadi 60 kwenye joto la chumba. Swali ni chumba gani. Joto la chumba linalosemwa ni digrii 20 hadi 25. Asubuhi ya Julai Arusha, maabara inayoangalia kusini haifiki huko; utapaka kwa koti na kingamwili nayo itakuwa imelala. Msimu wa baridi weka kisanduku cha unyevu ndani ya inkubeta ya digrii 25, au uache kingamwili usiku mzima kwenye friji, digrii 4, mfuniko umebana.

Slaidi moja ya mgonjwa isiwekewe kingamwili; iwekee bafa tu. Nakuomba usiiruke hii. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya 8.

Suuza mara tatu, dakika 3 kila mara. Polima ya HRP dakika 30. Suuza tena mara tatu.

Kingamwili ikae sehemu ya ndani ya friji, kati ya digrii 2 na 8, si mlangoni ambako kila mtu anafungua kutafuta maji.

## Hatua ya 7: DAB na hematoksilini

Changanya DAB wakati huo huo wa kutumia. Weka kontroli chini ya hadubini na uangalie ikigeuka. Mara nyingi dakika 5 zinatosha, usizidishe 10. Simamisha slaidi zote kwa muda mmoja, kwa maji. Ukiacha ya mgonjwa ikae zaidi "ili ikolee", umeshaharibu ulinganisho.

Hematoksilini sekunde 30 hadi 60, isizidi. Ikikolea sana itafunika p16 ya kwenye kiini, na kiini ndicho tunachokihitaji. Kisha suuza kwa maji ya bomba hadi igeuke bluu. Hapa ndipo maji yetu ya alkali, yaleyale yenye fluoridi iliyowachora watu wa Arumeru meno ya kahawia, yanapolipa fadhila.

Ethanoli kupanda, toka 70 hadi 100, kisha zailini, gundi, kioo.

## Hatua ya 8: Kusoma

Kijana wa mafunzo kwa vitendo alinijia na slaidi mkononi, uso unang'aa.

"Dada, imekubali. Tabaka la chini lote kahawia."

"Umetazama isiyo na kingamwili?"

Akaenda, akarudi polepole. "Na yenyewe ina kahawia."

"Basi hiyo siyo p16. Huyo ni mtu mweusi tu."

Vitabu vingi vya rangi hizi vimeandikwa juu ya midomo ya wazungu. Ufizi na ulimi wa wagonjwa wetu una melanini ya kawaida kabisa kwenye tabaka la chini, na melanini ni kahawia kama DAB. Itofautishe hivi: melanini ni punje punje, inakaa tabaka la chini na kutawanyika kidogo kwenye tishu iliyo chini yake, na ipo hata pasipo kingamwili. p16 ni laini, imejaza kiini na saitoplazimu kwa pamoja. Zikichanganyika kiasi cha kukushinda, rudia slaidi ukitumia Giemsa badala ya hematoksilini. Melanini itaelekea kijani-bluu, DAB itabaki kahawia.

Sasa fuata mpangilio huu kila mara.

Kwanza, kontroli. Displasia ya mlango wa kizazi iwe kahawia nzito, kiini na saitoplazimu. Tonsili iwe na seli chache tu zilizoshika, kwenye mifuko ya epitheliamu na ndani ya vituo vya limfu. Tonsili ndiyo inayokuambia kama kipimo chako kinaona p16 ndogo. Ile ya mlango wa kizazi ina p16 nyingi mno kiasi kwamba hushika hata ukikosea. Kontroli ikifeli, usisome slaidi ya mgonjwa. Hata kwa kuchungulia.

Pili, lenzi ndogo, mara 4. Unatafuta umbo. Chanya ya kweli ni ya mtindo wa bloku: ukanda mmoja usiokatika, mzito, toka tabaka la chini kwenda juu, ukifika walau theluthi ya unene wa epitheliamu, na kwa displasia ya HPV mara nyingi unafika juu kabisa. Mpaka wake ukae palepale ulipouona kwenye H&E. Weka slaidi mbili sambamba ulinganishe.

Tatu, lenzi kubwa. Hakikisha kiini kimeshika. Saitoplazimu peke yake haihesabiki.

Madoa ya hapa na pale, seli moja ndiyo tatu siyo, kama kanga iliyochuja rangi, ni hasi. Hata madoa yenyewe yakiwa mazito. Rangi iliyokolea pembeni tu ya tishu ni ya kukauka. Iliyo kwenye ukingo ulioungua, iache.

Kwenye saratani ya koromeo kuna kipimo kinachokubalika tangu mwongozo wa wanapatholojia wa Marekani wa 2018: asilimia 70 au zaidi ya seli, kiini na saitoplazimu, kwa nguvu ya wastani au kubwa. Kwenye displasia ya kinywa, wengi huazima hiyo 70. Iazime, lakini usiisahau ilikotoka.

Sababu ni hesabu ya kawaida. Koromeoni, kwa wagonjwa wa huko Marekani, HPV ni ya mara kwa mara, kwa hiyo p16 ikishika, uwezekano ni mkubwa kwamba kirusi kipo. Kinywani ni nadra. Chukua mfano wa kubuni: displasia 100 za kinywa, tano zina HPV kweli, na p16 inashika zote tano. Kati ya 95 zilizobaki, p16 inashika tano nyingine kwa sababu zake, kwani breki ya Rb inaweza kukatwa na mambo mengine yasiyohusu kirusi. Sasa una chanya kumi, na nusu yake si HPV. Kipimo kimefanya kazi vizuri na bado umemwambia mtu mmoja kati ya wawili jambo lisilo la kweli.

Ndiyo maana chanya ya kinywani inahitaji mashahidi wawili: sura ya H&E ya hatua ya 2, na bloku ya p16. Shahidi wa tatu, anayemaliza ubishi, ni ISH, kipimo kinachotafuta juu ya slaidi yenyewe RNA ya E6 na E7 (protini mbili za kirusi), na kuonyesha kirusi kikifanya kazi ndani ya seli zilezile mbovu. PCR ya mate au ya usufi haifai nafasi hiyo; inakuambia HPV ipo mdomoni, haikuambii kama ndiyo iliyoziharibu seli hizi.

Ukiwa na kingamwili ya Ki-67, protini ya seli zinazogawanyika, ipake sambamba. Inasaidia kuona seli zinazogawanyika zimepanda hadi wapi, hasa kinyama kikiwa na uvimbe mwingi unaochanganya. Lakini haikuambii lolote kuhusu kirusi.

## Hatua ya 9: Ripoti

Neno "HPV chanya" lisitoke kwenye ripoti ya p16 pekee. Si ubishi wa kitaalamu. HPV inaambukizwa kwa ngono, pamoja na ya mdomo, na ripoti inasomwa nyumbani, mara nyingine na mke kabla ya mgonjwa mwenyewe. Babu wa miaka sitini aliyekuja kwa doa la ulimi asirudi kwenye kesi ya ndoa kwa sababu ya melanini.

Andika kilichoonekana, kwa mpangilio. Mfano ninaoutumia:

*Kinyama cha upande wa kushoto wa ulimi. H&E: displasia kali, seli zenye viini vilivyopasuka zimetapakaa epitheliamu yote, mpaka mkali. p16: chanya, mtindo wa bloku, kiini na saitoplazimu, zaidi ya asilimia 70 ya seli. Kontroli zimefanya kazi. Slaidi isiyo na kingamwili ni safi. Mwonekano unaendana na displasia inayohusiana na HPV. ISH inashauriwa ikipatikana. Kingo za kinyama: eneo bovu linagusa ukingo mmoja.*

Na kwa p16 hasi: *p16 haikushika kwa mtindo wa bloku. Jibu hili haliondoi displasia; daraja lake ni kama lilivyoandikwa kwenye H&E.* Sentensi hii ya mwisho iandike kila mara. Nimeshaona daktari akisoma "hasi" na kumruhusu mgonjwa aende zake, kumbe hasi ni ya kirusi, displasia iko palepale inaendelea.

Kama ni chanya, mpigie daktari badala ya kumtumia karatasi tu. Mgonjwa apimwe VVU kama hajapimwa, eneo lote likatwe, na awe anarudi kuangaliwa.

Bloku irudi kwenye droo yake siku hiyohiyo, namba ikitazama juu, mbali na dirisha la jua. Slaidi ya p16, ya H&E na ile isiyo na kingamwili zifungwe pamoja kwa mpira mmoja. Akija mtu na ISH mwaka kesho, atakachoomba ni bloku hiyo.